Ndugu yako yuko rumande na ana uraibu wa unga (heroini): mwongozo wa kumfuatilia kisheria nchini Kenya

Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria hapa Mombasa naulizwa maswali yale yale, karibu kwa maneno yale yale, na watu wasiojuana. Kijana wangu amepelekwa gereza la Shimo la Tewa na ana arosto, yale maumivu ya kukosa dawa aliyoizoea, nani atamtibu? Nimwone nani ili kesi iondolewe? Nikilalamika, hawatamlipizia huko ndani? Na huyu anayenipigia simu kila jioni akidai pesa kwa niaba ya kijana wangu, nimtumie au nisimtumie? Nimeuandika mwongozo huu ili jibu langu liwe karatasi unayoweza kuibeba hadi mahakamani, badala ya maneno ya barazani ambayo mtu huyasahau mara tu jina la ndugu yake linapoitwa.

Hatua zilizomo zinafuata sheria za Kenya peke yake. Mwenye jamaa katika gereza la Tanzania au Uganda ataona mambo yanayofanana, lakini asitumie vifungu ninavyovitaja hapa. Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hulielewa zikiwa zimechelewa, nami nalitanguliza: serikali ina vyombo vingi vya kuisimamia idara ya magereza, lakini kilicho karibu nawe kuliko vyote, kinachoweza kutoa amri leo hii, ni hakimu aliyeamuru ndugu yako akae rumande. Watu hukimbilia kwa mwanasiasa, kwa mwandishi wa habari au kwa bwana fulani anayejuana na wakubwa, ilhali kila baada ya wiki mbili wameketi kimya katika chumba cha hakimu huyo huyo wakisubiri kesi itajwe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta kwanza majina kamili ya ndugu yako jinsi yalivyoandikwa kwenye karatasi ya mashtaka, hata kama yamekosewa, kwa sababu mahakama na gereza vitamtafuta kwa majina hayo wala si kwa jina la mtaani. Pata nambari ya kesi, jina la mahakama, nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, ya kituo cha polisi alikokamatwa, na nambari aliyopewa gerezani. Kusanya hati zote za matibabu: kadi ya kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ikiwa ameandikishwa, kadi ya dawa za kifua kikuu au za ukimwi, na barua yoyote kutoka kituo cha kurekebisha waraibu. Uwe na kitambulisho chako cha taifa na nakala zake kadhaa.

Mwisho, nunua daftari moja la kawaida la shule. Kila utakapokwenda, kila utakapopiga simu, andika tarehe, saa, jina au cheo cha uliyezungumza naye, na alichosema. Nimeona daftari la shilingi chache likifanya kazi ambayo wakili asiye na kumbukumbu zozote mkononi hakuiweza.

Hatua ya 1: Jua yuko mikononi mwa nani

Mtu aliye katika seli ya kituo yuko mikononi mwa polisi. Aliyekwisha kuamriwa na hakimu kwenda rumande yuko mikononi mwa idara ya magereza. Tofauti hii ndiyo inayoamua barua yako iende wapi. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24 baada ya kukamatwa, na ikiwa saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi au siku isiyo ya mahakama, basi afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Akikaa seli siku tatu za kazi bila kumwona hakimu, hilo ni lalamiko juu ya polisi, na chombo chake ni IPOA, mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi.

Kosa la kawaida kabisa ni kuipelekea IPOA malalamiko ya gereza. IPOA haiwasimamii askari jela. Barua yako itapokelewa kwa adabu, nawe utaambiwa baada ya wiki kadhaa kwamba umekosea mlango.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya mashtaka kabla hajajibu lolote

Mashtaka mengi ya unga na bangi hutegemea Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994, ambayo imefanyiwa marekebisho. Angalia neno moja: ameshtakiwa kwa kupatikana na dawa, au kwa ulanguzi? Adhabu za makosa haya mawili zimepishana kama mbingu na ardhi, na mtumiaji aliyekamatwa na kete (vipakiti vidogo vya dawa) kadhaa anaweza kujikuta ameandikiwa ulanguzi. Angalia pia uzito uliotajwa. Sheria inataka dawa inayodaiwa kukamatwa ipimwe mbele ya mshtakiwa au wakili wake, na ripoti ya Mkemia wa Serikali ndiyo inayothibitisha ni kitu gani hasa. Uliza ripoti hiyo iko wapi, na uliza kila kesi inapotajwa.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Mtu mwenye arosto hukubali chochote ili atoke kizimbani. Mle seli huwa ameshaambiwa, mara nyingi na mahabusu wenzake, kwamba akisema "ni kweli" atapigwa faini ndogo arudi nyumbani. Akikiri shtaka la ulanguzi, hakuna faini ndogo. Mwambie aseme kwamba anaomba muda wa kupata ushauri wa wakili kabla ya kujibu. Haki ya kuelezwa mashtaka kwa lugha anayoielewa na kupata mkalimani bila malipo imo katika Ibara ya 50, na Ibara hiyo hiyo inaitaka serikali impe wakili iwapo bila wakili haki itapotea kwa kiasi kikubwa. Ombi la wakili wa serikali hupelekwa kwa huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Karani wa mahakama atakuonyesha pa kuanzia. Hapa Mombasa unaweza pia kubisha mlango wa mashirika ya haki za binadamu, MUHURI au Haki Africa.

Na lile swali la nani aondoe kesi: hakuna afisa wa polisi, wa cheo chochote, anayeweza kuiondoa kesi iliyokwisha kufika mahakamani. Kwa Ibara ya 157 ya Katiba uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye pia hana budi kupata ruhusa ya mahakama. Anayekuomba pesa ili "faili lipotee" anakuuzia kitu ambacho si chake, na wewe ukilipa umetenda kosa la jinai. Ukitaka kesi iangaliwe upya, iandikie ofisi ya mashtaka ya eneo lako ukieleza kiasi kilichokamatwa, historia ya uraibu na matibabu yaliyopo. Ofisi hiyo ina sera ya 2019 ya kuwaepusha baadhi ya washtakiwa na mkondo wa kesi, na pia kuna makubaliano ya kukiri shtaka dogo zaidi, ambayo hayapaswi kufanywa bila wakili.

Hatua ya 3: Mwambie hakimu kwamba ni mgonjwa, siku ya kwanza

Arosto ya heroini huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Kwa kawaida haiui yenyewe, lakini kutapika na kuharisha bila maji ya kutosha kunaweza kuua, hasa kwa mtu aliyekwisha kudhoofika. Anayeacha ghafla pombe nyingi au vidonge vya usingizi, vile ambavyo vijana wetu huviita bugizi, yuko katika hatari kubwa zaidi, maana huweza kupata degedege. Kwa hiyo usiseme tu kwamba kijana anatumia "madawa". Sema anatumia nini, kiasi gani, na lini mara ya mwisho.

Mshtakiwa mwenyewe, au wakili wake, au hata wewe kwa kusimama na kuomba ruhusa, mnaweza kusema hivi: "Mheshimiwa, mshtakiwa ana uraibu wa heroini, alitumia mara ya mwisho juzi usiku, na ameandikishwa katika kliniki ya methadoni. Tunaomba mahakama iamuru apelekwe kwa daktari leo na ripoti iletwe siku ya kutajwa." Kiini chake ni maneno ya mwisho, ripoti iletwe. Amri ya "atibiwe" isiyo na ripoti humalizika kwenye lango la gereza. Baada ya kikao, nenda masjala uombe nakala ya amri hiyo, na hakikisha imeandikwa pia kwenye hati inayompeleka rumande, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi ambayo askari jela ataisoma.

Tangu 2020 kesi nyingi hutajwa kwa njia ya video, mahabusu akiwa gerezani na askari wakiwa chumba kimoja naye. Usitarajie mtu katika hali hiyo aeleze kwamba amepigwa au amenyimwa dawa. Ukiwa na sababu ya kudhani kuna jambo analificha, iandikie mahakama kabla ya tarehe, uombe aletwe mwenyewe.

Hatua ya 4: Omba dhamana, na ikikataliwa au ikiwa ghali, omba tena

Dhamana ni haki chini ya Ibara ya 49, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kumnyima, na masharti yake yanapaswa kuwa ya busara. Hakuna kosa ambalo Katiba imelitenga kabisa na dhamana, hata ulanguzi. Wanaosema kesi za unga hazina dhamana wanakariri sheria ya zamani.

Hakimu mara nyingi huagiza ripoti ya afisa wa probesheni kuhusu mshtakiwa na familia yake. Afisa huyo atakuja nyumbani au atakupigia simu, nawe mpokee na umweleze ukweli, pamoja na mahali pa matibabu ambapo ndugu yako atakwenda akiachiliwa. Barua ya kituo inayosema nafasi ipo ina uzito kuliko machozi ya familia nzima. Ikiwa kiasi cha dhamana hamkiwezi, unaweza kuomba hakimu akipunguze, na kifungu cha 123 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kukipunguza.

Tahadhari moja ya kifamilia, ambayo si ya kisheria: usiweke hati ya shamba la ukoo kama dhamana ya mtu ambaye bado anatumia, kabla hujajua atalala wapi na nani atampeleka kliniki kila asubuhi. Nimeshuhudia shamba likiponyoka kwa sababu ya siku moja aliyokosa kufika mahakamani.

Hatua ya 5: Fuatilia zahanati ya gereza

Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 na Ibara ya 51 ya Katiba zinambakishia mahabusu na mfungwa haki zake zote isipokuwa zile zisizowezekana kwa sababu ya kifungo chenyewe. Matibabu hayamo katika zilizoondolewa. Ulizia jina la afisa wa zahanati, mpelekee nakala za kadi za kliniki, na uandike kwenye daftari tarehe uliyozikabidhi.

Tiba ya methadoni ilianza nchini mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, ikafika Malindi na Kisauni, na Shimo la Tewa lenyewe lina kliniki yake. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Aliyeikosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudia dozi yake ya awali bila kupimwa upya, maana mwili umekwisha kuisahau na dozi ile ya zamani inaweza kumuua. Kwa hiyo siku ile ile anapokamatwa, pigia simu kliniki yake au nenda mwenyewe, uwaombe wawasiliane na zahanati ya gereza. Wafanyakazi wa Reachout Centre Trust na MEWA hapa Mombasa, au Omari Project kule Malindi, wamezoea kazi ya kufuatilia wagonjwa wao na wanaweza kukuongoza. Ikiwa amefungwa gereza lisilo na methadoni, hiyo ni sababu halali ya kumwomba hakimu aamuru awekwe mahali tiba inapopatikana.

Hatua ya 6: Mtembelee bila kumwongezea kesi

Kila gereza lina siku na saa zake za wageni. Ziulize langoni, usitegemee alichokuambia jirani. Kuingiza dawa, tumbaku, simu au kitu chochote kilichokatazwa ni kosa kwa Sheria ya Magereza, na wanaokamatwa langoni mara nyingi ni mama na wake ambao waliombwa "mpelekee tu huu mkate". Usibebe chakula, sabuni wala nguo ambazo hukuzifungasha mwenyewe. Ukiombwa na mtu wa tatu umpelekee ndugu yako kifurushi, kataa hata kama mwombaji ni shemeji yako.

Kuhusu pesa: zipitishe kwa utaratibu wa gereza wenye risiti. Usitume kwa nambari ya simu usiyoijua, hata ukisikia sauti ya kijana wako ikilia nyuma. Simu za namna hiyo huwa na maana moja kati ya mbili. Ama ni utapeli mtupu, ama kijana ana deni la unga huko ndani, na ukilipa deni la kwanza umewafundisha wadai kwamba nyumbani kwao kuna kisima. Andika nambari iliyopiga, tarehe na kiasi kilichodaiwa, kisha nenda hatua ya 7.

Hatua ya 7: Andika lalamiko

Lalamiko la mdomo hupotea na zamu ya askari inapobadilika. Unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili, kwa mkono, ukurasa mmoja. Tofautisha ulichokiona na ulichoambiwa. Barua inayochanganya haya mawili huangushwa kwa swali moja tu. Mfano:

*Kwa Afisa Msimamizi, Gereza la ______. Nakala: Hakimu, Mahakama ya ______, Kesi ya Jinai Nambari ______.*
*Mimi ni ______, ndugu wa mahabusu ______, nambari ______. Tarehe ______, saa ______, nilipomtembelea, niliona ______. Aliniambia kwamba ______. Naomba achunguzwe na daktari na nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe ______, ambayo ni siku ya kutajwa kwa kesi yake.*

Toa nakala tatu. Moja ibaki gerezani, moja iende masjala ya mahakama iingizwe katika faili, na ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Hiyo nakala ya hakimu ndiyo inayowafanya watu wajibu.

Ukikosa jibu, panda ngazi kulingana na jambo lenyewe. Mateso, kunyimwa matibabu au hatari ya maisha ni kazi ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ambayo ina ofisi Mombasa, haitozi ada, na ina uwezo wa kuingia gerezani kuchunguza. Kucheleweshwa, kupuuzwa na kunyimwa taarifa ni kazi ya Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman. Afisa anayeuza dawa au anayedai hongo ni wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na pia wa Kamishna Jenerali wa Magereza. Usizitumie zote barua moja kwa siku moja. Kila ofisi itadhani nyingine inashughulikia.

Kuna pia Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambayo raia wachache wanaijua. Kila kituo cha mahakama kina kamati yake, na ndani yake hukaa meza moja hakimu mkuu wa kituo, gereza, polisi, waendesha mashtaka na maafisa wa probesheni. Tatizo lisilo la mtu mmoja, kwa mfano mahabusu wote wa mahakama fulani kukosa dawa siku za kesi, lipeleke huko kupitia masjala. Sheria ya Magereza yenyewe inawapa majaji na mahakimu nafasi ya kuyakagua magereza, kwa hiyo humwombi hakimu fadhila unapomtaka aone mambo kwa macho yake.

Hatua ya 8: Akikutwa na dawa humo ndani

Hapa njia hugawanyika, na ni lazima ujue mko katika ipi. Njia ya kwanza ni ya nidhamu: gereza linamhukumu lenyewe, na kwa mfungwa adhabu inaweza kula sehemu ya lile punguzo la theluthi moja ambalo sheria huwapa wafungwa wa vifungo vinavyozidi mwezi. Njia ya pili ni ya jinai: polisi wanaitwa, faili jipya linafunguliwa, na ofisi ya mashtaka inaamua kumshtaki au la. Muulize afisa msimamizi kwa maandishi ni ipi, kisha umjulishe wakili siku hiyo hiyo. Mwambie ndugu yako asitie sahihi maelezo yoyote kabla hajamwona wakili, hata akiahidiwa kwamba yataishia humo humo, na aeleze aliipata wapi dawa hiyo akiwa tu na mtu wa kumlinda kisheria, kwani jibu la swali hilo ndilo linaloweza kumletea madhara bwenini.

Hatua ya 9: Siku ya hukumu na siku 14 zinazofuata

Kabla ya adhabu kutajwa, mkumbushe wakili mambo mawili. La kwanza, kifungu cha 333 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinaitaka mahakama izihesabu siku alizokaa rumande. La pili, Sheria ya Dawa za Kulevya inaitambua hali ya mraibu na inaruhusu sehemu ya kifungo itumikiwe katika kituo cha urekebishaji. Na kwa makosa madogo kuna probesheni, na kuna kazi za kijamii chini ya sheria yake ya 1998.

Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14. Aliye gerezani si lazima atoke wala apate wakili kwanza: anaweza kumkabidhi afisa msimamizi wa gereza ombi lake la rufaa, naye afisa analazimika kulifikisha mahakamani. Wafungwa wengi hawalijui hili, na siku 14 huwapita wakisubiri familia ikusanye pesa za wakili.

Hatua ya 10: Siku ya kutoka

Mwili uliokaa miezi bila unga, au kwa unga kidogo, hauwezi tena dozi ya zamani. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo hatari kuliko zote, na ndiyo maana nawasihi ndugu wawe langoni asubuhi ile, badala ya kumwachia wenzake wampokee. Mpeleke kliniki moja kwa moja. Uliza nalokisoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, inapatikana wapi, na mfundishwe nyumbani jinsi ya kumlaza ubavu mtu anayekoroma ovyo na kubadilika rangi midomo.

Mambo yakikwama

*Gereza limekataa kupokea barua.* Usigombane langoni. Andika kwenye daftari tarehe, saa na maneno ya aliyekataa, kisha barua hiyo hiyo ipeleke masjala ya mahakama na kwa njia ya posta yenye risiti.

*Kesi inaahirishwa kila mara.* Kwa kifungu cha 205 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, mahakama haiwezi kuahirisha kesi ya aliye rumande kwa zaidi ya siku 15 kamili kwa mara moja. Hesabu ni mara ngapi ripoti ya Mkemia au mashahidi wamekosekana, mpe wakili hesabu hiyo, naye aombe upande wa mashtaka upewe ahirisho la mwisho.

*Amehamishwa na hatujui alipo.* Andika ombi la taarifa kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kwa kawaida ofisi ina siku 21 za kujibu, lakini jambo linapohusu uhai au uhuru wa mtu muda ni saa 48, kwa hiyo yaandike maneno hayo, "uhai na uhuru", juu kabisa ya barua. Siku zikipita kimya, Ibara ya 51 inakuruhusu kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya mahakama, na Ibara ya 22 inaruhusu ombi la haki lipokelewe hata likiwa ni barua tu, bila ada ya kulifungua.

*Anaogopa kulipiziwa.* Hofu hiyo ni ya kweli na usiidharau. Lalamika kwa jina lako wewe uliyeona, si kwa jina lake. Mtembelee mara kwa mara katika wiki zinazofuata na umwombe hakimu ripoti ya daktari kila tarehe. Anayejua kwamba kijana atapimwa baada ya siku 14 hufikiri mara mbili.

*Amefariki akiwa kizuizini.* Kifungu cha 387 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamtaka hakimu aliye karibu mwenye mamlaka hayo afanye uchunguzi wa kifo cha mtu aliyefia gerezani au mikononi mwa polisi. Kwetu Pwani hapa ndipo familia huumia mara mbili, kwa kuwa dini na mila zinataka maiti azikwe upesi, na akishazikwa ushahidi mwingi huzikwa naye. Zungumzeni na imamu au mchungaji mapema, mara nyingi yeye mwenyewe ataridhia mngoje. Ombeni upasuaji wa maiti ufanyike siku hiyo hiyo au kesho yake, ombeni daktari mliyemchagua nyinyi awepo, na msichukue kibali cha mazishi kabla hamjapata nakala ya ripoti au angalau jina la daktari aliyeifanya, tarehe, na nambari ya faili la uchunguzi.